Takeshi Okada, beki aliyegeuka kocha alafu akawa bosi wa klabu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Okada ni nani hasa?

Ni Mjapani, kazaliwa Osaka, Agosti 25, 1956. Kacheza beki, kaifundisha timu ya taifa ya Japani kwa vipindi viwili na vyote kaenda nayo Kombe la Dunia (1998 na 2010), kachukua ubingwa wa ligi kuu mara mbili akiwa na Yokohama F. Marinos, kawa makamu wa rais wa chama cha soka cha Japani, alafu akaenda kushika klabu ya mji mdogo unaoitwa Imabari. Huku kwetu wengi wanamkumbuka kwa sura tu, yule kocha wa miwani siku Kameruni anafungwa na Japani pale Bloemfontein, Kombe la Dunia 2010. Mimi ndo siku hiyo nilianza kumfuatilia na sijaacha mpaka leo, na kwa vile maswali yanajirudia nimeona niyajibu yote sehemu moja.

Kwenye kucheza alikuwa mzuri kweli?

Alikuwa mzuri, beki wa akili, wa kusoma mchezo na kujipanga mapema. Timu ya taifa alicheza mechi 24 na goli moja, kati ya 1980 na 1985. Alisoma sekondari ya Tennoji pale Osaka, akaenda chuo kikuu cha Waseda, kitivo cha siasa na uchumi, alafu 1980 akaingia Furukawa Electric.

Hapo kwenye Furukawa watu huwa wanachanganyikiwa, wanauliza hiyo ni klabu au kampuni. Ni vyote. Ligi ya kulipwa ya Japani, J.League, imeanza 1993. Kabla ya hapo timu zilikuwa za makampuni na wachezaji walikuwa wafanyakazi, na Furukawa ni kampuni ya nyaya na kebo. Ukiwa unakumbuka zile timu zetu za bandari, reli na viwanda miaka ile, picha unayo tayari. Na haikuwa timu ya kubeza, walichukua ubingwa wa Japani msimu wa 1985/86 na mwaka 1986 wakawa klabu ya kwanza ya Japani kuchukua ubingwa wa klabu za Asia, Okada akiwemo. Baadae timu hiyo ndo ikageuka JEF United.

Alitundika daluga 1990, akaenda Ujerumani kusomea ukocha, akarudi kwenye timu yake ileile kama kocha msaidizi. Kufika 1995 akawa msaidizi wa Shu Kamo timu ya taifa.

Ilikuwaje mtu ambaye hajawahi kuwa kocha mkuu wa timu yoyote akapewa timu ya taifa?

Hili swali ni zuri maana wengi wanadhani ni makosa ya uandishi. Ni kweli kabisa, Okada alikuwa na miaka 41, hajawahi kuongoza hata timu ya daraja la chini kama kocha mkuu, na kazi yake ya kwanza ikawa timu ya taifa katikati ya mechi za kufuzu.

Japani walikuwa hawajawahi kucheza Kombe la Dunia. 1993 pale Doha walikuwa wanaongoza 2-1 dhidi ya Iraki, wamebakiza sekunde tu wafuzu, wakasawazishiwa dakika za nyongeza ikaisha 2-2 na safari ikafia hapo. Wajapani mpaka leo ukisema "Doha" wanajua unaongelea nini. Kwahiyo kufuzu kwa 1998 lilikuwa deni la nchi nzima. Septemba 28, 1997 wakafungwa nyumbani na Korea Kusini 2-1, alafu Oktoba 4 wakaenda Almaty kucheza na Kazakhstan, wakaongoza moja bila, wakasawazishiwa tena dakika za nyongeza. Usiku uleule, wakiwa bado ugenini, Kamo akatimuliwa na msaidizi akaambiwa shika wewe.

Wiki moja baadae tu wako Tashkent, sare 1-1 na Uzbekistan. Wakarudi Tokyo, sare 1-1 na Falme za Kiarabu, na hapo mashabiki wakachafukwa, fujo nje ya uwanja, viti vinarushwa. Kilichowaokoa ni kwenda Seoul Novemba 1 na kumfunga Korea 2-0 kwake, alafu wakampiga Kazakhstan 5-1, wakamaliza wa pili kwenye kundi, ikabaki mechi moja ya mchujo na Iran.

Ni kweli alitishiwa maisha?

Ndiyo, mwenyewe kalisimulia mara nyingi. Jina lake na namba ya simu ya nyumbani vilikuwa kwenye kitabu cha simu kama raia yeyote, maana hakuwahi kufikiria kuwa mtu maarufu, ghafla simu za vitisho hazikatiki, barua za vitisho zinamiminika, gari la polisi linakaa mbele ya nyumba usiku na mchana, na watoto ikabidi wasindikizwe shule.

Anasimulia pia kwamba wakiwa Malaysia, kabla ya mechi ya mwisho na Iran, alimpigia mkewe akamwambia kesho tukishindwa, Japani hatutaweza kukaa, itabidi tukaishi nje ya nchi. Fikiria mtu anaongea hivyo na mkewe alafu kesho yake anatakiwa asimame pembeni ya uwanja afanye sub kwa utulivu. Anasema baada ya ile simu kitu kilibadilika ndani yake, akajiambia nitafanya chote ninachoweza na kama haitoshi basi nitaomba radhi. Kuanzia hapo woga ukamtoka.

Hiyo mechi ya Iran ilikuwaje?

Johor Bahru, Novemba 16, 1997, uwanja wa Larkin, mshindi anakwenda Ufaransa. Masashi Nakayama akafunga dakika ya 39. Kipindi cha pili kimeanza tu Azizi akasawazisha, dakika ya 59 Ali Daei kwa kichwa, 2-1 Iran.

Dakika ya 63 Okada akafanya kitu ambacho makocha wengi wasingethubutu, akawatoa washambuliaji wawili kwa mpigo, Nakayama na Kazuyoshi Miura, yule Kazu mwenyewe, mfalme. Kwenye picha za mechi unamuona Kazu anajinyooshea kidole kifuani kama anauliza, mimi? Wakaingia Shoji Jo na Wagner Lopes. Dakika ya 76 Hidetoshi Nakata, mtoto wa miaka 20, akamwaga krosi, Jo akapiga kichwa, 2-2.

Dakika 30 za ziada, enzi zile za bao la dhahabu, anayefunga mechi inaishia hapohapo. Okada akamuingiza Masayuki Okano, mkimbiaji mwenye nywele ndefu ambaye raundi yote hiyo alikuwa hajacheza hata dakika moja. Na Okano akakosa nafasi moja, akakosa nyingine, za wazi kabisa. Dakika ya 118 Nakata akapiga shuti, kipa Abedzadeh akatema, Okano akateleza nao wavuni. Japani hao Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Okada akatoka benchi anakimbia uwanjani kama mtoto.

Kwanini alimwacha Kazu 1998?

Hili ndo swali namba moja, na miaka inakwenda halipoi. Kwa asiyemjua, Kazu aliondoka Japani akiwa na miaka 15, peke yake, akaenda Brazil kutafuta mpira. Akarudi akawa uso wa J.League, mwanasoka bora wa Asia 1993, magoli 55 timu ya taifa. Kwenye mechi ya kwanza ya kundi lile la 1997 aliwatia Uzbekistan manne peke yake. Kuna watu walianza kupenda mpira kwa sababu yake.

Okada alikwenda Ulaya na wachezaji 25 na orodha ilitakiwa iwe 22. Juni 2, 1998, pale Nyon, Uswisi, akakaa mbele ya waandishi akasema wanaoachwa ni watatu, akamtaja Kazu, akalirudia jina, Miura Kazu. Wengine ni Tsuyoshi Kitazawa na kinda Daisuke Ichikawa. Nchi ikalipuka.

Maelezo yake ni ya kimpira. Alikuwa amecheza kichwani kila mechi, Argentina, Croatia, Jamaica, tukiwa nyuma nani anaingia, tukiwa mbele nani anaingia, na katika hizo hesabu zake zote hakuona sehemu ambayo angemuita Kazu kutoka benchi. Mimi kwa moyo wangu ningemchukua, hata kwa ajili ya chumba cha kubadilishia nguo tu, na naamini Wajapani wengi wangefanya hivyo. Ila namheshimu kwamba hakumtuma mtu akatangaze kwa niaba yake, wala hakutoa karatasi yenye majina 22 alafu watu wajihesabie wenyewe nani hayupo. Alikaa mbele ya kamera akayataja kwa mdomo wake.

Kazu hakuwahi kucheza Kombe la Dunia hilo wala lingine lililofuata. Alirudi nyumbani na nywele kazipaka rangi ya fedha, akasema fahari na roho yake ya timu ya taifa kaiacha kulekule. Na akaendelea kucheza mpira mpaka kwenye miaka ya hamsini na kitu.

Huko Ufaransa Japani walifanyaje?

Mechi tatu, wamefungwa zote. Argentina moja bila (Batistuta), Croatia moja bila (Suker), Jamaica 2-1, hiyo ya mwisho Nakayama akafunga goli la kwanza kabisa la Japani kwenye Kombe la Dunia. Okada akabwaga manyanga.

Kati ya 1998 na 2007 alikuwa wapi?

Kaskazini kwenye baridi kwanza, Consadole Sapporo. Msimu wa 1999 alishindwa kuwapandisha, 2000 akawapandisha kama mabingwa wa daraja la pili, 2001 wakabaki ligi kuu, akaondoka.

2003 akachukua Yokohama F. Marinos na hapo ndo maneno ya "hajui kufundisha klabu kubwa" yakaisha. Siku ya mwisho ya msimu, nyumbani na Jubilo Iwata, kipa wao Tetsuya Enomoto kala kadi nyekundu mapema kabisa, wako kumi, wako nyuma, wakasawazisha, alafu dakika za majeruhi Tatsuhiko Kubo akapiga kichwa, 2-1. Kashima, wapinzani wao kwenye mbio za ubingwa, nao walikuwa wanaongoza kwenye mechi yao wakasawazishiwa. Enzi zile msimu ulikuwa na nusu mbili na washindi wa kila nusu wanakutana fainali, ila Marinos wakawa wameshinda nusu zote mbili, hakuna haja ya fainali. 2004 wakachukua tena, safari hii kwenye fainali, kwa penati dhidi ya Urawa Reds. Agosti 2006 akaachia ngazi.

Alirudije timu ya taifa?

Novemba 2007 kocha Ivica Osim, mzee aliyekuwa anapendwa sana, alipata kiharusi. Desemba wakampigia Okada. Kwa mara ya pili anapewa timu njiani, na mara zote mbili ni baada ya jambo baya kumpata mwingine. Juni 6, 2009 wakafuzu wakiwa Tashkent, moja bila, goli la Shinji Okazaki, na Okada mwenyewe siku hiyo alitolewa na refa akamalizia jukwaani. Japani wakawa wa kwanza duniani kufuzu ukimtoa mwenyeji Afrika Kusini.

2010 si walikuwa wabovu? Walibadilikaje?

Walikuwa wabovu kweli. Okada katangaza lengo ni nusu fainali, watu wanamcheka, alafu mechi za maandalizi zinaanza: Serbia kampiga tatu bila palepale Japani, Korea Kusini mbili bila Saitama, na baada ya hiyo Okada akamuuliza rais wa chama kama aendelee au la. Mechi na Uingereza wamepoteza 2-1 na magoli yote mawili wamejifunga wenyewe, mabeki Tulio na Nakazawa. Ivory Coast mbili bila, Tulio kajifunga tena, na ndo mechi ile Drogba alivunjika mkono. Nne mfululizo.

Wiki mbili kabla ya mashindano akavunja timu akaijenga upya. Hapa ndo ukocha wake ninaoupenda. Kipa Narazaki akakaa, akaingia Eiji Kawashima. Kitambaa cha unahodha kikatoka kwa Nakazawa kikaenda kwa Makoto Hasebe. Shunsuke Nakamura, fundi wa taifa, benchi. Yuki Abe akawekwa mbele ya mabeki kama namba sita wa kukata umeme. Na Keisuke Honda, ambaye ni kiungo, akapelekwa mbele kabisa peke yake. Alafu kulikuwa na Yoshikatsu Kawaguchi, kipa wa tatu, katoka kuvunjika mguu, Okada alimchukua kwa ajili ya kuwaunganisha wenzake tu. Kile ambacho 1998 hakumpa Kazu, 2010 alimpa Kawaguchi. Hilo ni wazo langu, ila ukiziangalia hizi safari mbili pamoja ni ngumu kutoliona.

Juni 14, saa kumi na moja jioni kwa saa zetu, sisi tuko banda umiza, benchi za mbao, joto, vuvuzela kwenye tivii inavuma kama nyuki, banda zima liko na Kameruni maana ni Kombe la Dunia la kwanza kwenye ardhi ya Afrika na kila timu ya Afrika ilikuwa timu yetu. Dakika ya 39 Daisuke Matsui akakata ndani kulia akamwaga krosi kwa mguu wa kushoto, mpira ukawapita mabeki, Honda akatuliza akaweka. Kimya. Mzee mmoja nyuma yangu akasema tu "huyo nani aliyemwacha?" Eto'o kapangwa pembeni na Yuto Nagatomo kamganda kama kupe, mwishoni Mbia akagonga mtambaa panya, ikaisha moja bila. Nilitoka pale nimeumia ila nikawa nawaza, hawa jamaa wamefungwa mechi nne mfululizo, huyu kocha kafanya nini?

Waholanzi wakawafunga moja bila, Sneijder. Alafu Denmark pale Rustenburg, faulo ya Honda, faulo ya Endo, zote ndani, Okazaki akaongeza la mwisho, 3-1. Hatua ya 16 bora na Paraguay, Pretoria, dakika 120 bila goli, penati. Yuichi Komano akapiga ya tatu ya Japani, ikagonga mtambaa panya ikaenda juu. Paraguay 5-3. Okada akasema kasoro ni yake yeye, akaondoka kazini.

Alifundisha nje ya Japani?

Ndiyo, China, Hangzhou Greentown, 2012 na 2013.

Imabari ni wapi na kwanini mtu wa Kombe la Dunia aende kule?

Imabari iko mkoa wa Ehime, kisiwa cha Shikoku, mji wa watu laki moja na nusu hivi, unajulikana kwa taulo na kutengeneza meli. Novemba 2014 Okada akachukua hisa nyingi za FC Imabari, timu iliyokuwa ligi ya kanda ya Shikoku, daraja la tano. Angeweza kupata kazi ya pesa ndefu popote, yeye akataka sehemu ambayo anaweza kuanza mwanzo, kufundisha watoto kwa mfumo mmoja kuanzia chini mpaka timu ya wakubwa, mfumo wanaouita Okada Method, watoto wapewe misingi ya mchezo mapema alafu wakikua waachiwe uhuru.

Kauli ya kampuni yao inasema wanataka jamii inayothamini utajiri wa moyo kuliko wa vitu, na kwa kweli nilivyoisoma mara ya kwanza nilidhani ni maneno ya kwenye bango. Ila angalia kazi: 2017 wamepanda daraja la nne na wamejenga uwanja wa watu elfu tano, 2020 daraja la tatu, 2023 uwanja mwingine mpya kabisa waliouita Satoyama, yaani yale maeneo ya kijijini kati ya msitu na mashamba ambayo watu wanayatunza kizazi hadi kizazi. Aprili 2024 wakafungua na sekondari, Okada ndo mkuu wake. Mwisho wa 2024 wakapanda daraja la pili, na kocha aliyewapandisha ni Toshihiro Hattori, mmoja wa wale 22 wa Ufaransa 1998.

Na kwenye chama cha soka?

2016 aliteuliwa makamu wa rais chini ya Kozo Tashima. 2019 akaingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa soka la Japani. Kwangu mimi uongozi wake hasa uko Imabari, kwenye chama ni nyongeza.

Watu wanamchanganya na Miyamoto, tofauti yao nini?

Tsuneyasu Miyamoto naye ni beki, naye wa mkoa wa Osaka, ila ni wa kizazi kingine, kazaliwa 1977. Ndo yule nahodha aliyevaa kinyago cheusi puani 2002. Kwenye Kombe la Asia 2004 robo fainali na Jordan, penati mbili za kwanza za Japani zimepotea kwa wapigaji kuteleza, yeye akaenda kwa refa akamueleza kwa Kiingereza kwamba pale chini pameharibika, goli likabadilishwa, Japani wakapita na wakachukua kombe. Alistaafu, akasoma kozi ya uongozi ya FIFA, akaifundisha Gamba Osaka kuanzia 2018 mpaka 2021, na Machi 2024 akawa rais wa chama chote, miaka 47. Kwahiyo Miyamoto kapanda mpaka kiti cha juu kabisa, Okada kashuka mpaka daraja la tano akaanza kujenga.

Komano, yule aliyekosa penati Pretoria, aliishia wapi?

Aliendelea kucheza, klabu moja hadi nyingine, na popote alipokwenda ile penati ilimfuata. 2019 akasajiliwa na FC Imabari, ikiwa daraja la nne. Akacheza hapo misimu minne, akawepo wanapanda daraja la tatu, na mwisho wa 2022 akatundika daluga akiwa na jezi ya timu ya Okada.